Kupata wateja wa picha: ujifunze kwa bosi wa begi, mkufunzi wa kulipia, wenzako au mama mpambaji?

Dogo mmoja wa Mbagala alinipa simu yake nione ukurasa wake wa Instagram. Picha nzuri, sisemi uongo: rangi zimetulia, ngozi za watu zimebaki ngozi, hakuna bibi harusi aliyegeuzwa chaki. Wafuasi elfu sita na ushee. Nikamuuliza tangu Januari amepata kazi ngapi za kulipwa. Mbili, akasema, na moja ni ya binamu yake. Tukakaa tukapitia majina ya walioipa laiki picha yake ya mwisho. Kila baada ya jina moja, linalofuata lina neno "picha" au "studio" ndani yake.

Sisi wapiga picha wa kujitegemea wafuasi wetu wengi ndio hao, wapiga picha wenzetu. Wanakuandikia "kaka umeua", halafu wanarudi kuwatafuta wateja wale wale unaowatafuta wewe.

Dogo alitaka nimsaidie kuchagua wa kumfundisha. Alikuwa na watatu mkononi. Kuna mpiga picha mkongwe wa Kinondoni aliyekubali amshikie begi. Kuna mkufunzi wa mtandaoni anayeuza kozi ya kupata wateja. Kuna kundi la WhatsApp la vijana wa rika lake wanaopeana kazi. Nikamwongezea wa nne ambaye hakumfikiria, na huyo ndiye aliyenilisha mimi miaka mingi. Nimepita kwa wote wanne, na siku hizi na mimi hushikiwa begi, kwa hiyo nayajua ya pande zote mbili. Nianze na yule ambaye karibu kila mmoja wetu alianzia kwake.

Bosi wa begi

Kushika begi ni hivi: unafika kwa bosi saa kumi na mbili asubuhi, unahesabu betri na memori kadi, unabeba lenzi na stendi za taa, unashika flashi pembeni wakati yeye anapiga, na usiku wa manane unahamishia picha kwenye kompyuta huku unasinzia. Malipo ya mwanzo ni nauli na sahani ya ukumbini. Akishakuamini anakupa kamera ya pili upige wageni, na posho inapanda.

Watu wanadhani kinachofuatwa pale ni mwanga. Mwanga utajifunza popote. Faida kubwa ni kwamba bosi akiitwa kwenye kikao, unaenda naye.

Harusi za huku kwetu hazinunuliwi na bwana na bibi harusi. Mnunuzi ni kamati. Ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, inakutana jioni kwenye baa au sebuleni kwa mtu, inasoma majina ya walioahidi na waliotoa, na picha mnato na video ni mstari mmoja kwenye bajeti, umebanwa kati ya mapambo na vinywaji. Michango ikisuasua, mstari huo ndio unaokodolewa macho, kwa sababu hakuna mgeni atakayelalamika kuwa hakupigwa picha, lakini soda zikipungua watasema mpaka mwakani. Bosi wangu alilijua hilo na alikuwa na dawa yake. Hakuwa anaingia na simu. Aliingia na albamu nzito ya kufunguliwa kwa mikono miwili, na hakumpa mwenyekiti. Alimpa shangazi mtu. Mwenyekiti ataangalia bei; shangazi ataangalia kama mama wa bibi harusi katoka vizuri, na akishaipenda albamu ile ataupigania mstari wako mbele ya mweka hazina kuliko ambavyo ungeupigania mwenyewe.

Jingine nililolipata kwake ni habari ya malizio, yaani hela inayobaki baada ya kianzio. Kamati huvunjwa. Siku chache baada ya harusi wanakutana kula na kunywa, mahesabu yanasomwa, na kuanzia hapo hakuna tena mweka hazina. Kuna watu kumi na tano, kila mmoja anakuelekeza kwa mwenzake. Bosi alichukua nusu siku ya makubaliano, na nusu iliyobaki kabla ya siku ya harusi, kabla hajawasha kamera. Nilimwona mkali. Nikaja kupiga harusi yangu ya kwanza, nikaona haya kudai, na malizio yangu, shilingi laki mbili, mpaka leo yako kwa kamati iliyokwisha kuvunjwa.

Lakini bosi ana mipaka yake, na mshika begi hugundua akiwa amechelewa.

Mteja wa bosi akikuomba namba, unampa kadi ya bosi. Huo ndio utaratibu wa kazi hii na ni wa haki. Ukiuvunja, mji huu mkubwa utakuwa mdogo ghafla. Maana yake lakini ni kwamba unaweza kukutana na wageni elfu moja kwa mwaka na usiondoke na mteja hata mmoja. Hali kadhalika picha ulizopiga kwa kazi yake: si zako kuonyesha mpaka aseme. Nimemwona kijana aliyeshika begi miaka miwili akatoka bila potfolio. Makubaliano hayo yafanywe siku ya kwanza, kwa maandishi hata kama ni ujumbe wa simu tu: picha zipi nitaonyesha, baada ya muda gani, na kwa jina la nani.

Kisha kuna jambo la mlango mmoja. Bosi wa harusi anajua harusi. Mwaka 2026 ulituumbua wote tuliojifunza kwake tu. Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 18 Februari, na Ramadhani ikaanza wiki hiyo hiyo. Wakatoliki wengi hawafungi ndoa Kwaresima, Waislamu wakawa wanasubiri Idd, na kutoka hapo mpaka Pasaka ya tarehe 5 Aprili mlikuwa na Jumamosi saba. Waislamu walirudi mapema kidogo, Machi ilipokaribia kwisha. Wengine tulikaa tukifuta vumbi lenzi. Bosi hakutikisika, ana akiba ya miaka na ana jina. Hakuwahi kutufundisha pa kwenda ukumbi ukifungwa kwa sababu yeye hakuwahi kuhitaji kwenda.

Mkufunzi wa kulipia

Hapa kuna bidhaa mbili zinazouzwa kwa jina moja, na tofauti yake ni kubwa.

Ya kwanza ni kozi. Niliyolipia mimi ilikuwa ya kwenye kundi la WhatsApp, sauti za dakika kumi kila jioni. Tuliambiwa tujiamini. Tuliambiwa tuwe na rangi zetu na nembo yetu. Tuliambiwa tuwaandikie wachumba barua pepe miezi tisa kabla ya harusi. Mchumba gani wa Tandika anasoma barua pepe? Mambo yalikuwa yamebebwa mazima kutoka nchi ambazo bibi harusi ndiye anayechagua na ndiye anayelipa. Mwalimu hakuwa tapeli, alifundisha alichofundishwa.

Tangu hapo, mtu akitaka hela yangu anifundishe kupata wateja, namuuliza: kazi zako tatu za mwisho za kupiga picha zilitoka wapi? Nataka aniambie nani alimpigia simu, na huyo aliipata wapi namba yake. Anayefanya kazi atajibu bila kufikiri, maana hayo ndiyo maisha yake. Anayeanza kueleza falsafa, huyo riziki yake inatoka kwenye kozi. Ni hodari kweli wa kutafuta wateja, isipokuwa wateja anaojua kuwatafuta ni wewe na mimi.

Bidhaa ya pili ni kikao cha watu wawili, wewe na mtu mmoja aliyefika unakotaka kufika. Nilimlipa mpiga picha wa kazi za mashirika na kampuni, saa mbili, mezani. Hakutaka kuona picha hata moja. Alitaka daftari langu la matumizi. Nikamwambia sina. Akachukua karatasi.

Kamera, lenzi mbili na flashi vilinigharimu kama shilingi 6,000,000. Tukasema vitadumu miaka 3, kwa kazi 40 kila mwaka, yaani kazi 120. Ukigawanya, kila nikitoka nyumbani vifaa vimeshakula 50,000 kabla sijabonyeza kitu. Msaidizi 50,000. Usafiri na mabegi, kwenda na kurudi usiku, 30,000. Bando la kupakia picha pamoja na flashi diski ya mteja, 10,000. Jumla 140,000. Nilikuwa natoza 300,000 kwa sendofu, kwa hiyo inabaki 160,000, na kazi moja inanichukua siku tatu: moja ya kupiga, mbili za kuchagua na kuhariri. Elfu hamsini na tatu kwa siku, si haba. Ndipo akauliza washkaji huwa nawafanyia bei gani. Nusu, nikasema. Nusu ni 150,000. Toa 140,000. Elfu kumi, kwa siku tatu.

Niliomba maji ya kunywa.

Ukiiangalia harakaharaka, hiyo ni hesabu tu, haihusiani na kujitangaza. Kwangu ndiyo iliyobadilisha kujitangaza kwangu kote. Niliacha kubandika mabango ya ofa, kwa sababu aliyekuja kwa ofa humleta rafiki yake kwa ofa ile ile, na nilikuwa nalipia matangazo ili nipate hasara nyingi zaidi. Hela ile ya matangazo nikachapishia albamu mbili.

Nusu ya pili ya kikao ilikuwa kuhusu wateja wasio wa harusi. Shirika halitaki kukuona, linataka profoma, ile ankara ya bei kabla ya kazi. Linataka namba yako ya mlipakodi na risiti ya EFD, ya ile mashine ya kodi, na likikulipa linakata asilimia 5 ya kodi ya zuio, kwa hiyo udai hati yake. Hela haiji siku ya kazi. Subira yake huhesabiwa kwa wiki, na bajeti yako ya nauli ijue hivyo. Taasisi za serikali nazo manunuzi yake yamehamia kwenye NeST, mfumo wa zabuni wa mtandaoni, tangu 2023, na usiposajiliwa humo, kufahamiana na bosi wa ofisi hakukusaidii. Picha zenyewe zinatakiwa zije na maelezo: nani, wapi, tarehe gani, na fomu ya ridhaa ya aliyepigwa. Mpiga picha wa harusi hajazoea kuandika. Aliyezoea ndiye anayeitwa tena.

Nikafikiria baadaye kuwa jambo hilo wala si jipya mjini kwetu. Mohamed Amin, yule ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia ya 1984 zilitikisa dunia, alifungua Camerapix hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1963 akiwa kijana wa kama miaka 20, na wateja aliowalenga walikuwa vyumba vya habari vya nje. Alichagua mlango wake mapema.

Kasoro ya kikao cha kulipia ni kwamba saa mbili zikiisha zimeisha. Hakuna wa kukuchukua mkononi akakuingize ofisini kwa mtu. Halafu mwenye kujua kweli hana muda. Huyo niliyempata nilimfuatilia wiki kadhaa kabla hajakubali, na aliniambia wazi kuwa hatanipa mteja wake yeyote.

Wenzako

Sitakaa sana hapa. Kundi la wenzako ni la kuokoana. Umeugua Jumamosi, mwenzako anakushikia ukumbi. Lenzi imeanguka Ijumaa usiku, kuna wa kukuazima. Mmoja kapata kazi mbili siku moja, anakupa ya pili. Bila kundi la namna hiyo ungekuwa umeshaaibika mbele ya kamati ya watu.

Lakini kufundishana kupata wateja ni mahali ambapo kundi huwa maskini, kwa sababu sote tunajua kitu kimoja na tunalala njaa siku zile zile. Siku moja mtu aliweka kazi kundini, bajeti laki na nusu, picha na video, siku nzima. Ilipofika dakika ya tano walikuwa kumi na mmoja wameinua mkono, na mmoja akasema ataifanya kwa laki na ishirini. Hakuna aliyefanya hesabu ya elfu kumi kwa siku tatu. Mwenye harusi alikuwamo kundini kwa jina la mtu mwingine, akasoma yote.

Mama mpambaji

Kabla picha hazijafikiriwa, ukumbi umeshawekewa kianzio. Kabla ya picha, mama mpambaji ameshaitwa nyumbani, amekunywa chai, amejua rangi za siku, amejua upande gani una hela na upande gani una maneno. Fundi wa vitenge ameshapima. Mara nyingi hata MC ameshachukua kianzio. Mpiga picha ni mtu wa mwisho mwisho, na kila aliyemtangulia anaulizwa swali lile lile: "Unamfahamu mpiga picha mzuri?" Wewe ukihangaika mtandaoni, swali hilo linajibiwa sebuleni.

Kwa hiyo mwalimu wangu mkubwa wa kutafuta wateja hakujua kushika kamera. Alikuwa mama mpambaji wa Sinza, namwita mama mpaka leo, na tulijuana kwa ugomvi. Nilikuwa nimepiga harusi aliyoipamba, akanisimamisha mlangoni: "Mwanangu, umepiga watu mia tatu, meza yangu hata moja hujapiga?" Na kweli. Maua ya kuanzia alfajiri, vitambaa, jukwaa la maharusi lililomkesha usiku kucha, mimi nilikuwa nayatumia kama ukuta.

Akanifundisha kwa vitendo. Ingia ukumbini saa moja kabla ya wageni, piga mapambo yakiwa hayajaguswa. Kesho yake, si wiki ijayo, mtumie picha kumi, bure. Usiziwekee nembo kubwa katikati kama mtu anayezuia mwizi. Jina lako dogo chini pembeni linatosha. Yeye anaziweka kwenye stetasi, ambayo hufa baada ya saa 24 lakini namba zilizomo kwenye simu yake ni za akina mama wanaotarajia kuozesha watoto wao. Vivyo hivyo mwoka keki, mtu wa mekapu, meneja wa ukumbi. Wote hao wanajitangaza kwa picha na hawana picha. Sikuwa nimewahi kuwaona kama wateja wala walimu. Niliwaona kama watu wanaopita mbele ya lenzi.

Kwangu mimi mwanamke kulikuwa na zaidi ya hapo, na hili bosi wangu mwanaume asingeweza kunionyesha hata angetaka. Kuna kicheni pati ambazo wenyewe hawataki mwanaume ndani. Kuna shughuli za Waislamu, Tanga, Unguja, hapa Dar na mpaka Mombasa, siku ya hina au harusi ya wanawake, ambapo bibi harusi na wageni wanavua mabuibui na nywele ziko wazi. Anayeingia na kamera ni mwanamke, tena mwanamke aliyedhaminiwa na mtu. Mama ndiye aliyenidhamini. Alipiga simu mbele yangu, akasema, "Huyu mwanangu, picha hazitatoka," basi.

Na hazitoki. Soko lile halina Instagram kabisa. Siwezi kubandika hata moja, na picha moja ikivuja nimekwisha, mimi pamoja na aliyenidhamini. Nakabidhi kila kitu kwa mkono, mwenye shughuli akitaka nisibaki na nakala, nafuta mbele yake. Tangazo langu ni albamu ambayo bibi harusi anaifungua chumbani kwa ajili ya wifi zake. Nimefanya kazi nyingi kwa njia hiyo kuliko kwa ukurasa wangu wenye wafuasi, na ukurasa huo ukiutazama utadhani sina kazi.

Hata kwa wasio na masharti hayo, kubandika picha ya mteja si jambo la kufanya kwa mazoea tena. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022 na imeanza kutumika Mei 2023. Kenya walitangulia, sheria yao ni ya 2019, na mwaka 2023 ofisi inayoisimamia iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kubandika mtandaoni sura ya mteja bila ridhaa, na shule moja 4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziridhia. Weka mstari wa ridhaa kwenye makubaliano, na mteja akisema hapana, ichukue hapana yake bila kununa.

Si kwamba mama hana kasoro. Anachukua cha juu, asilimia kumi, na anaitaka siku ile ile. Bei za picha hazijui. Mara mbili amenitajia kwa mteja bei aliyoiotea, nikajikuta nabishana na mtu ambaye hajaniona. Akigombana na familia kuhusu vitambaa vilivyoungua, na mimi nimegombana nao. Na wote anaonipa ni wa aina moja. Mwanzoni nilimfuata kila Jumamosi mpaka nikawa kama idara ya kampuni yake, na alipokwenda kuuguza mzazi miezi mitatu Mwanza, simu yangu nayo ikalala miezi mitatu.

Wanaume huniuliza wao mama mpambaji wao ni nani. Inategemea unataka kumpiga picha nani. Anayetaka mahafali, atafute kiongozi wa wanafunzi miezi miwili kabla ya Novemba, majoho hayajatoka. Anayetaka bidhaa, aende Kariakoo kwa mwenye duka la nguo anayeuza mtandaoni, ambaye kila mzigo ukishuka anahitaji picha ishirini safi kabla ya saa nne, na akuelekeze anavyowajibu wateja wake. Hakuna somo la kuuza linalozidi kukaa kibandani pale siku moja. Anayetaka watalii wa Paje au Nungwi, mpokezi wa hoteli anajua nani amekuja kuoana na nani amekuja kulala.

Tukiwaweka mezani pamoja

Kwa hela, bosi na wenzako hawakutozi, mama anakutoza ukishapata, mkufunzi anakutoza kabla. Mtu asiye na akiba asianze na mkufunzi, hata kozi ikiwa rahisi.

Kwa kasi ya kupata mteja wa kwanza, wenzako wanaongoza, pengine wiki hii hii, lakini ni mteja wa mtu na kwa bei ya mtu. Mama huchukua miezi, kwa sababu lazima kwanza aone picha zako zimemfaa yeye. Bosi ni mwaka na zaidi. Kikao cha kulipia hakikupi mteja yeyote. Kinakupa sababu ya kuwakataa baadhi.

Kwa bei, nisikufiche, ni mkufunzi wa mezani peke yake. Bosi bei yake imejengwa na jina lake, ukiiiga utachekwa. Wenzako watakushusha. Mama ataotea.

Kwa hatari, bosi anaweza kukufanya msaidizi wa kudumu, na hiyo ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, maana haiumi. Kila Jumamosi una kazi, una posho, umevaa fulana yenye jina lake, na miaka inapita. Kozi mbaya utalia siku mbili usahau.

Kwa hiyo nilimshauri Dogo hivi. Aende kwa bosi wa Kinondoni, miezi sita, si miaka, na siku ya kwanza waandikiane kuhusu picha za kuonyesha. Shabaha yake huko iwe vikao. Asipopelekwa kwenye kikao hata kimoja ndani ya miezi miwili, atoke. Hela aliyoiweka kwa ajili ya kozi aikalie. Akishafanya kazi kumi zake mwenyewe na ameziandika daftarini, atafute mtu mmoja wa mezani amlipe kwa saa mbili, aende na daftari hilo, maana bila namba zake hao wa mezani hawana cha kumwambia. Kundini abaki, ila kazi ikitangazwa kwa bei ya chini ya hesabu yake, anyamaze. Na wakati wote huo, kuanzia Jumamosi ya kwanza, atafute mtu mmoja asiye wa kamera anayekutana na wateja kabla yake.

Alinitazama kwa hayo ya mwisho kama nimemwambia auze karanga.

Wiki ya tatu akaniandikia. Amepata mama mmoja wa Rangi Tatu anayeoka keki, amempigia keki sita asubuhi juani nyuma ya nyumba, kwa shuka jeupe. Mama wa keki kafurahi, kazisambaza, na tayari kuna mtu kauliza mpiga picha kwa ajili ya kicheni pati ya mdogo wake. Sasa tatizo, dada: wamesema hawataki mwanaume ndani.

Akanitumia namba. Nimeipiga kazi hiyo Jumamosi iliyopita, na asilimia kumi yake nilimtumia Dogo kwenye simu kabla sijafika nyumbani.